Kitochi, Family Link, DNS au mipangilio ya app: ipi inafaa simu anayoshika mwanao?

Video ile haikutoka kwenye tovuti yoyote chafu. Ilitoka kwenye kikundi cha WhatsApp cha kikoba cha mke wangu, katikati ya ujumbe wa "nani hajaleta hisa" na picha za sherehe ya kipaimara. Aliyeituma aliomba radhi palepale, eti vidole vimekosea, akina mama wakacheka yakaisha. Ila simu ilikuwa imeshaipakua yenyewe na kuiweka kwenye galari. Jioni mwanetu wa darasa la nne aliomba simu ya mama yake aangalie picha za binamu yake aliyepata kipaimara. Dakika haikuisha, alikuja kusimama mlangoni pa jikoni, kioo cha simu amekibana kifuani, akasema, "Mama, simu yako ina mambo mabaya."

Usiku uleule nilikaa na simu zote za nyumbani nikafunga tovuti za ngono. Nilifanikiwa, nikalala nimeridhika. Wiki ya pili mke wangu akaniuliza taratibu, huku anakunja nguo: "Sasa baba, umefunga tovuti. Ile video ilipita tovuti gani?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, mzazi mwenzangu akiniuliza njia ipi ni nzuri, na mimi namuuliza maswali matatu kwanza. Mtoto wako anashika simu ya nani? Saa ngapi? Na mambo ya kikubwa yakimfikia, yatapita wapi: kwenye kikundi, kwenye TikTok, kwenye Google, au kwenye memori kadi ya rafiki? Nyumba mbili za mtaa mmoja, zenye watoto wa umri mmoja, zinaweza kuhitaji vitu tofauti kabisa.

Hapa Dodoma hilo la saa lina uzito wake. Anayeishi Nkuhungu au Miyuji na kufanya kazi Mji wa Serikali kule Mtumba anaondoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Mtoto wa shule ya kutwa amesharudi tangu saa tisa au kumi. Hapo katikati, simu janja iliyopo nyumbani ni ya dada wa kazi, maana zenu mmeondoka nazo. Kuna pia likizo za bweni, Juni na Desemba, ambapo mtoto aliyekaa miezi bila kugusa simu anaachiwa simu kutwa nzima. Na kuna kile kipindi kirefu kuliko vyote: mtihani wa darasa la saba ni Septemba, kidato cha kwanza ni Januari. Miezi ipatayo minne, mtoto wa miaka 13, hana hata daftari la kufungua.

Nimezipima kwa maswali gani

Njia zote nne nimeziuliza mambo yaleyale. Inazuia nini hasa, na nini inakiacha kipite? Inagharimu nini, kwa hela na kwa bando? Mtoto mjanja anaikwepaje? Inamtaka mzazi kazi kiasi gani baada ya siku ya kwanza? Na mtoto anaipokeaje: anaona analindwa, au anaona anapelelezwa? Hilo la mwisho wengi tunaliruka, halafu kijana akifika kidato cha pili linatudai na riba.

App za kulipia zinazosoma meseji zote za mtoto kwa siri nimeziacha nje. Sitaki mazungumzo ya binti yangu yakae kwenye kompyuta za kampuni nisiyoijua, na sijui ningemtazamaje siku atakayogundua.

Kitochi

*Inazuia nini.* Kitochi halisi cha batani hakina TikTok, hakina status, hakina cha kuperuzi. Mtoto anapiga, anapokea, anacheza gemu ya nyoka. Lakini vitochi vya siku hizi si vyote vya namna hiyo. Vingine vina kivinjari, Facebook, hata WhatsApp, na kwa nje vinafanana na vile vya zamani. Uliza kabla hujalipa.

Halafu kuna tundu la memori kadi. Vibanda vya kuingiziwa nyimbo na muvi bado vipo: unapeleka kadi, unalipa kidogo, unarudi nayo imejaa. Kadi ya mpwa wangu wa kidato cha tatu niliwahi kuichomeka kwenye kompyuta, nikakuta folda imeandikwa "Hesabu". Haikuwa hesabu. Kitochi chake kilikuwa hakijawahi kuunganishwa na intaneti hata siku moja.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote. Hakuna bando, na chaji inakaa siku kadhaa, jambo ambalo anayemlea mjukuu kijijini Kongwa au Bahi ataliona lina maana kuliko mimi niliye mjini.

*Inakwepwaje.* Kwa kuazima simu ya mwenzake, au kwa kwenda kibanda umiza ambako mwenye video haulizi umri wa mtu. Kitochi kinakuhakikishia simu ya mwanao tu.

*Kazi ya mzazi.* Karibu hakuna. Kagua kadi mara mojamoja, mkiwa wote wawili.

*Mtoto anaipokeaje.* Wa miaka tisa anafurahi kuwa na simu yake. Wa miaka 16 anaona aibu kuitoa mbele ya wenzake, na ana hoja nyingine ya kweli: walimu wa tuisheni wanatuma noti na mitihani ya nyuma kwenye WhatsApp. Kuna kingine kinachonisumbua. Kijana aliyekaa na kitochi hadi kidato cha sita atashika simu janja yake ya kwanza akiwa hosteli ya chuo, peke yake, bila mtu wa kumuuliza chochote.

*Inamfaa nani.* Mtoto wa msingi unayetaka tu kumpata kwa simu, na nyumba ambazo intaneti yenyewe ni ya kubahatisha.

Family Link

Hii ni app ya Google, ya bure, iliyotoka 2017. Unaiweka kwenye simu yako, unamfungulia mtoto akaunti ya Google yenye tarehe yake halisi ya kuzaliwa, kisha unaunganisha simu hizo mbili. Simu ya mtoto iwe Android 7 kwenda juu. Yako inaweza kuwa hata iPhone. (Kama mtoto ndiye mwenye iPhone, ina Screen Time yake ndani tangu 2018, na mengi ya hapa chini yanafanana.)

*Inazuia nini.* Mtoto akitaka kuweka app mpya, ombi linakuja kwenye simu yako: unakubali au unakataa. Unaweza kuamuru simu ijifunge saa tatu usiku, kupunguza dakika za app fulani, na kuona simu iko wapi. Kwenye Chrome inajaribu kuzuia tovuti za ngono, na matokeo ya Google yanachujwa. Meseji haisomi, wala haijui nini kimetumwa WhatsApp.

Tahadhari moja ambayo mimi niliichelewa kwa mwezi mzima: kichujio chake cha tovuti kinafanya kazi ndani ya Chrome. Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel, ambazo ndizo tunazonunua, zinakuja na kivinjari cha Phoenix tayari ndani. Ingia kwenye orodha ya app za mtoto siku ileile ya kwanza, uzuie Phoenix na kivinjari kingine chochote kisicho Chrome. Angalia na app za kurushiana mafaili kama Xender. Hizo zinahamisha video kutoka simu hadi simu bila intaneti, kwa hiyo hakuna kichujio kinachoziona zikipita.

*Gharama.* App ni bure, ila amri unayotuma ukiwa kazini inafika tu kama simu ya mtoto ina bando au wifi. Ratiba uliyoiweka mapema inaendelea kufanya kazi hata bando likiisha.

*Inakwepwaje.* Kwa simu ya dada. Kwa akaunti nyingine ya Google, kwenye simu nyingine, ambapo mtoto anajiandikisha kuwa amezaliwa miaka ileile uliyozaliwa wewe. Kwa fundi simu asiyeuliza maswali, anayeweza kuiflashi. Simu ya mtoto ikinyamaza ghafla kwenye app yako, muulize yeye kwanza kabla hujalaumu mtandao.

*Kazi ya mzazi.* Nyingi mwanzoni. Wiki ya kwanza nilikuwa kwenye kikao, simu inatetemeka kila dakika kumi: anaomba gemu ya magari, anaomba app ya kujipaka masikio ya paka, anaomba gemu nyingine ya magari. Hiyo ya paka niliikubali bila kusoma. Jioni nikakuta inarusha matangazo ambayo hata mimi nisingependa kuyatazama mbele ya mama mkwe. Ukikubali bila kusoma, umebaki na saa ya kufunga simu tu.

*Mtoto anaipokeaje.* Wa miaka tisa anaona ni kawaida ya simu. Kijana aliyevuka 13 mwenye akaunti yake mwenyewe ni habari nyingine: usimamizi hauanzi mpaka yeye akubali. Binti yangu wa kidato cha pili tulikaa naye barazani likizo ya Juni, upepo wa Dodoma unakata masikio.

"Kwa hiyo baba utaona ninachochati?"

"Sioni. Naona app gani umetumia na kwa muda gani."

"Na nilipo?"

"Nilipo unaona. Ulipo naona."

Alinyamaza, kisha akanishika hapohapo: "Ulipo naonea wapi, wakati ya kwako haijawekwa?" Kweli, nilikuwa nimejisemea tu. Tukafungua Google Maps nikamshirikisha mahali nilipo, na tangu hapo yeye ndiye ananipigia: "Baba, bado uko Mtumba saa mbili hii?" Sijui kama ningepata ndiyo yake bila hilo.

*Inamfaa nani.* Mtoto mwenye simu janja yake mwenyewe, na mzazi mwenye subira ya kujibu maombi.

Kichujio cha DNS

Jina linatisha, kitu chenyewe ni rahisi. Simu ikitaka kufungua tovuti, kwanza inauliza iko wapi, kama unavyosimama kijiweni kuuliza bodaboda kwa mzee fulani ni wapi. DNS ndiye huyo anayeulizwa. Kichujio cha familia kikiulizwa njia ya nyumba isiyofaa, kinajibu kwamba hakiijui.

Kwenye simu ya Android 9 kwenda juu, fungua mipangilio, ingia upande wa mtandao, tafuta DNS ya faragha, andika family.cloudflare-dns.com, hifadhi. Basi. Hicho ni cha Cloudflare, kimekuwepo tangu 2020, kinazuia tovuti za ngono pamoja na zile zinazoingiza virusi. CleanBrowsing nao wana kichujio cha familia kilicho kikali zaidi: kinalazimisha Google na YouTube kukaa kwenye hali salama, kinafunga tovuti za VPN (app zinazopitisha mawasiliano ya simu kwenye njia ya pembeni, kichujio kisiyaone), na kinafunga hata Reddit kwa sababu ina mchanganyiko.

*Inazuia nini.* Tovuti, na karibu kwenye kivinjari chochote, kwa hiyo Phoenix naye anabanwa. Lakini kilichomo ndani ya app hakioni. Video ya kukata viuno na video ya kupika mlenda, kwa TikTok, zinatoka nyumba moja. DNS ama ifunge nyumba nzima ama iache. WhatsApp ndiyo kabisa, ujumbe unasafiri umefungwa. Hapo ndipo lilipokuwa kosa langu la usiku ule.

*Gharama.* Bure, na bando haliongezeki. Ukiweka kwenye simu, inafanya kazi kwenye bando na kwenye wifi. Ukiweka kwenye ruta (namba ni 1.1.1.3 na 1.0.0.3), inalinda wifi ya nyumbani tu. Nyumba zenye faiba au kiruta cha laini zitafaidika, ikiwemo luninga ya sebuleni. Nyumba inayoishi kwa bando la simu isijisumbue na ruta.

*Inakwepwaje.* Kwa VPN. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipotaka wanaotumia VPN wajisajili, mjadala ulikuwa kila mahali, na nadhani hata ambaye hakuwahi kulisikia neno hilo alilisikia wiki ile. Opera Mini nayo, ikiwa kwenye hali ya kubana data kupita kiasi, inapitisha kurasa kwenye kompyuta zake yenyewe na kichujio kinabaki kinashangaa. Na mwenye simu anaweza kuizima DNS kwa miguso mitatu, haina pasiwedi.

*Kazi ya mzazi.* Dakika mbili, kisha unasahau. Wifi nyingine za hoteli au za taasisi huwa hazielewani na DNS ya faragha, simu inasema haina intaneti. Ukiizima kwa muda inashika. Tatizo ni kukumbuka kuiwasha tena.

*Anavyoipokea mwenye simu.* Hii ndiyo sifa yake kubwa kwangu: haimuoneshi mtu chochote. Siwezi kujua dada amefungua nini, na sitaki kujua. Niliongea naye jioni moja, watoto wameshalala.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Dada, nataka nikuombe kitu kuhusu simu yako, na ukikataa hakuna neno."

Nikamueleza. Aliuliza kimoja tu: "Meseji zangu hutaziona?" Nikampa simu aandike mwenyewe, mimi nasoma herufi. Wiki iliyofuata nilimsikia uani anamuelekeza mdogo wake aliye Kondoa: "Andika family... sio familia, we! F, A, M..." Walihangaika robo saa.

*Inamfaa nani.* Simu ya mtu mzima ambayo watoto wanaishika, ruta ya nyumbani, na mtoto mdogo ambaye hajawa mtundu wa mipangilio.

Mipangilio ya ndani ya app zenyewe

Njia hii haina jina la kuvutia, ndiyo maana wengi hatuifiki. Kwa mkasa wetu wa kikoba, ndiyo pekee ambayo ingesaidia.

*Inazuia nini.* Tuanze na WhatsApp, kwa sababu nyumba nyingi ninazozijua ndiko mambo yanakopita. Fungua mipangilio, upande wa hifadhi na data, uzime upakuaji wa kiotomatiki wa picha, sauti na video, kwa bando na kwa wifi. Kisha kwenye chati, zima ile ya kuonesha media kwenye galari. Kuanzia hapo kinachotumwa kinabaki ukungu mpaka mtu akibonyeze, na mtoto akifungua galari anakuta picha ulizopiga wewe. Halafu kwenye faragha, upande wa vikundi, ruhusu watu unaowafahamu tu wakuongeze. Hili ni muhimu zaidi kwa laini ya kijana, maana vikundi vya "connection", vile vya kusambaza video za ngono, vinaongeza namba ovyo.

YouTube ina hali yenye mipaka inayoficha video nyingi za kikubwa. Iwashe kwenye kila simu, na uzime uchezaji wa mfululizo, ule unaomchukua mtoto kutoka katuni hadi asikojua.

TikTok inataka mtu awe na miaka 13. Aliye chini ya 16 hawezi kutuma wala kupokea ujumbe wa faragha (DM), na tangu 2021 akaunti yake inaanza ikiwa ya faragha; tangu 2023 aliye chini ya 18 anawekewa dakika 60 kwa siku kama kikomo cha kuanzia. Kuna pia Family Pairing, inayounganisha akaunti ya mzazi na ya kijana. Instagram nao walileta akaunti za vijana 2024, zinazoanza zikiwa za faragha. Mazuri yote hayo yanasimama juu ya mwaka wa kuzaliwa. Nilimuuliza binti yangu TikTok inadhani amezaliwa lini. "1998," akasema, anatazama chini. Kwa TikTok, mwanangu wa kidato cha pili anaweza kugombea udiwani.

*Gharama.* Hii ndiyo njia pekee inayokurudishia hela. Simu ya mke wangu ilikuwa inakula bando kwa kupakua video za vikundi saba.

*Inakwepwaje.* Akaunti mpya, mwaka wa uongo, dakika tano. Kwenye simu ya kijana, bila makubaliano, ni kazi bure. Kwenye simu yako mwenyewe hakuna wa kuikwepa.

*Kazi ya mzazi.* Kubwa kwa uchovu wake: app moja moja, simu moja moja, na baada ya maboresho ya app ukakague tena.

*Mtoto anaipokeaje.* Kwenye simu za wazazi hana cha kulalamika. Anayelalamika ni sisi. Vikundi vya ukoo, vya kikoba, vya tuliosoma pamoja, ndivyo vinavyoleta taka nyumbani, na wengine wanazisambaza "kuwaonya wengine". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza picha za ngono, na za watoto zina kifungu chake peke yake. Nia ya kuonya haigeuzi kitendo. Kumbuka pia kwamba kitambulisho cha NIDA ni cha kuanzia miaka 18, kwa hiyo laini ya mwanao imesajiliwa kwa jina la mtu mzima, na huenda mtu huyo ni wewe.

*Inamfaa nani.* Kila mzazi mwenye vikundi, na kijana aliye tayari kusema mwaka wake wa kweli.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Mtoto chini ya miaka kumi, anashika simu yako jioni. Usimnunulie simu bado. Rekebisha WhatsApp na YouTube ya kwako, weka DNS, na simu ichezewe sebuleni. Family Link kwenye simu yako haitakusaidia, imetengenezwa kwa simu ya mtoto.

Mtoto wa kutwa, nyinyi kazini hadi usiku. Mahali pa kuanzia ni simu ya dada, kwa ridhaa yake na kwa heshima. Weka DNS, zima upakuaji wa WhatsApp. Mtoto kama anahitaji kukupigia, kitochi kinatosha. Ukimlazimisha dada au ukimvizia simu, atanunua laini ya pili na utakuwa umempoteza shahidi pekee wa saa zile tano.

Amemaliza darasa la saba na umeshamuahidi simu janja. Family Link iwekwe kabla hajaishika, ukiwa na boksi mezani. Ukimpa Septemba huru halafu Novemba ukamwekea mipaka, utakuwa unamnyang'anya. Zuia vivinjari vya pembeni, weka saa ya kulala, punguza mipaka kidogokidogo hadi Januari.

Wa bweni anayerudi likizo. Shule nyingi haziruhusu simu, kwa hiyo kununua simu yake kwa wiki chache si lazima. Simu moja ya familia, ya sebuleni, yenye DNS na mipangilio, inatosha. Na mtegemee siku ya kwanza atataka kuangalia kila alichosimuliwa na wenzake bwenini.

Kidato cha tatu na cha nne. Hapa ufundi unapungua nguvu, kwa sababu wanajua VPN kuliko wewe. Sisi tulikubaliana mambo matatu: mwaka wa kweli kwenye akaunti, DNS anayoiona na kuijua, na simu zote, pamoja na zetu, zinalala sebuleni kuanzia saa nne usiku. Kipengele cha "pamoja na zetu" kiliongezwa na yeye. Familia nyingine ambayo kijana amekubali Family Link kwa moyo, waendelee nayo.

Mtoto yuko kwa bibi Mpwapwa au Chamwino. Kitochi, na mazungumzo kuhusu memori kadi. Bibi usimpe kazi ya kukagua app.

Na kama jambo limeshatokea, mtu amemuomba mtoto picha za utupu, au anamtishia kuzisambaza alizonazo, acha kichujio kwa siku hiyo. Usimpige, usifute mazungumzo, usimjibu mtu huyo, andika namba au jina la akaunti pembeni. Namba 116 ni ya kusaidia watoto, kupiga ni bure, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linapokea mashauri ya namna hii. Mtoto aliyekuja mwenyewe kusimama mlangoni pa jikoni na kusema, asijute kwamba amesema.

Kwa upande wetu, kikoba kinaendelea. Jumamosi iliyopita mtu alituma video kikundini bila maelezo, ikabaki ukungu wenye mshale katikati. Mke wangu aliitazama siku mbili bila kuibonyeza. Jumatatu akauliza kikundini ilikuwa ya nini, akaambiwa ni namna ya kuumua unga wa maandazi kwenye baridi hii.